Nywila ya Wakili: Ofisi za Uwakili Baada ya Masjala Kuhamia Mtandaoni



Masjala ya mahakama hufunga dirisha lake alasiri. Kwa miaka mingi dirisha hilo ndilo lililompangia siku wakili wa Tanzania. Karani akifika limeshafungwa, siku imekwisha, na kama ilikuwa siku ya mwisho kisheria, mteja ameshaingia matatani. Kisha zikaja Kanuni za Uwasilishaji wa Nyaraka kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali Na. 148, zikasema kwamba hati iliyotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, imewasilishwa siku ileile. Kwa mwenye ofisi, kanuni hiyo ni ya huruma. Kwa wakili kijana anayemfanyia kazi, siku imerefushwa kwa takriban saa nane, na hakuna aliyeuliza nani atakuwa ofisini saa hizo.

Hakuna atakayekuwa ofisini. Kijana huyo atakuwa sebuleni kwake Kimara au Mbagala, watoto wamelala, kompyuta mpakato iko juu ya meza ya chakula, bando limebaki kidogo, naye anapakia hati ya utetezi ambayo mteja alileta vielelezo vyake jioni ile. Kazi ya mbali iliingia kwetu kwa mlango huo, na hatukuwahi kuipa jina.

Nasema hivi kwa sababu mjadala huu ukiletwa hapa huletwa kwa hadithi ya wengine. Ulaya na Marekani ofisi za mawakili zilishtukizwa na korona mwaka 2020: watu wakafungiwa majumbani, kazi ikawafuata. Jirani zetu wa Kenya walipita njia inayofanana na hiyo. Machi 2020 mahakama zao zilipunguza shughuli, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo Jaji Mkuu David Maraga akazindua uwasilishaji wa nyaraka kwa mtandao katika mahakama za Nairobi. Chini ya Jaji Mkuu Martha Koome utaratibu huo ukapelekwa nchi nzima mwaka 2024. Tanzania haikuwafungia watu ndani, na kanuni zetu ziliutangulia ugonjwa kwa miaka miwili. Mwaka 2021 zikafuata kanuni za kuendesha mashauri kwa njia ya mtandao na kuyarekodi kielektroniki, Tangazo la Serikali Na. 637. Mwaka 2023 Mahakama ikaleta Mfumo mpya wa Kielektroniki wa Kuratibu Mashauri.

Kwetu sisi, basi, aliyebadilika kwanza ni Mahakama, na ofisi za uwakili zimefuata zikivutwa mkono. Wakuu wa kampuni za London walikaa mezani wakabishana wafanyakazi waje ofisini siku ngapi kwa wiki. Sisi hatukukaa mezani. Tulitii. Anayebadilika kwa kutii hubadilisha kidogo kadiri anavyoweza: tulinunua skana, tukafungua akaunti, tukamkabidhi karani, tukaendelea kama zamani.

Hapo kwa karani ndipo ninapotaka tukae.

Karani wa ofisi ya uwakili wa zamani alikuwa mtu mwenye miguu na marafiki. Aliijua foleni ya masjala, aliwajua waliokaa nyuma ya dirisha, alijua jalada lililopotea hupotea wapi. Ujuzi ule ulikuwa na thamani kubwa, na wengi wetu tusingekuwa na ofisi leo bila makarani wa namna hiyo. Siku hizi karani huyo hashiki tena bahasha ya kaki. Anashika nywila ya wakili. Ingieni katika ofisi kumi hapa mjini mkaulize nywila ya akaunti ya bosi iko wapi. Nawahakikishia mtaikuta kwenye karatasi ya njano iliyobandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta, au katika kundi la WhatsApp la ofisi, katikati ya picha za harusi na ujumbe wa nani analeta maandazi.

Akaunti hiyo imesajiliwa kwa jina la wakili na namba yake ya uwakili. Kila kinachoingia kupitia akaunti hiyo, mfumo unakiandika kuwa ni kazi ya mikono yake. Enzi za karatasi palikuwa na saini, palikuwa na muhuri, na Msajili mwenye macho makali aliweza kutazama saini akasema hii siyo ya fulani. Leo hakuna saini ya kutazama mlangoni. Aliyeingia na nywila sahihi ndiye wakili, hata kama wakili mwenyewe yuko msibani Moshi, simu imezimwa.

Fikirieni karani aliyeacha kazi. Ameondoka kwa amani, ameagwa kwa soda, amekwenda ofisi nyingine mtaa wa pili. Nani alibadilisha nywila siku ile? Sasa mfikirieni kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili. Mahakama imetuwekea mfumo wa e-Wakili ili mwananchi athibitishe kama anayemlipa ni wakili kweli, na umesaidia. Lakini mfumo huo unathibitisha jina, hauwezi kumthibitisha aliyekaa mbele ya kioo. Kishoka mwenye nywila ya wakili halali ni hatari kuliko kishoka mwenye muhuri wa kuchongesha, kwa sababu nyaraka zake zitaonekana safi mpaka siku mteja atakapopata hasara na kuanza kutafuta nani alitia mkono.

Liko pia jambo dogo ambalo limeshaua mashauri. Taarifa za mfumo, yaani tarehe ya kutajwa shauri, wito, amri ya kurekebisha hati, huja kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Katika ofisi nyingi namba iliyoandikishwa ni ya karani, kwa kuwa siku ile ya kufungua akaunti ndiye aliyekuwa karibu. Akibadilisha laini, akiugua, akikasirika, shauri linaitwa, mdai hayupo, linafutwa. Ukienda kuomba lirudishwe utamweleza Jaji kwamba ujumbe ulikwenda kwa mtu mwingine, naye atakuuliza swali moja tu: namba hiyo iliandikishwa na nani?

Msinielewe kwamba namsema karani. Nawasema wenye ofisi. Karani aandae hati, aziskani, azipange, azipakie kama rasimu. Kitufe cha kuwasilisha akibonyeze wakili mwenyewe, baada ya kusoma. Ni dakika tano. Wakili asiyekuwa na dakika tano za kusoma anachokipeleka mahakamani kwa jina lake ana kazi nyingi kuliko uwezo wake, na hilo ni tatizo lingine.

Hata usiku ule wa saa sita una mtego wake. Hati imepakiwa saa tano na dakika arobaini usiku, wakili amelala kwa amani, namba ya malipo ya ada inatoka asubuhi na ada inalipwa saa nne. Hati imewasilishwa lini? Mahakama ya Rufani, katika shauri la John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza lililoripotiwa mwaka 1992, ilisema tarehe ya kuwasilisha ni tarehe ya kulipa ada. Tangu Kanuni za 2018 majaji wa Mahakama Kuu wamelitazama jambo hili kwa zaidi ya jicho moja. Mimi ushauri wangu kwa ofisi yoyote ni kusahau kwamba saa sita usiku ipo. Na mfumo ukigoma siku ya mwisho, kanuni zinampa wakili njia ya kumweleza Msajili siku ya kazi inayofuata, akiwa na ushahidi. Ushahidi maana yake picha ya kioo inayoonyesha saa na tarehe. Malalamiko ya mdomo hayatasaidia.

Sasa nitoke nje ya Dar es Salaam. Katika miji mingi, hatua chache kutoka geti la mahakama, pana steshenari. Ndani mna kompyuta mbili, skana, mashine ya kudurufu na kijana mwepesi wa vidole. Huyo kijana ndiye anayewasilisha nyaraka za mawakili wa mji mzima, na za wananchi wasio na wakili pia. Mtandao wa ofisini umekatika, au umeme, au skana imekufa. Wakili anavuka barabara na flashi yake. Sina ugomvi na steshenari, bila hizo mfumo wa kielektroniki ungekwama wilayani. Lakini mkipata nafasi angalieni kioo cha kompyuta ile. Mtakuta hati ya talaka ya mwalimu fulani, wosia, hati ya madai ya benki, taarifa ya daktari ya mtoto aliyefanyiwa ukatili, vyote vimeachwa palepale kwa majina yake, na anayefuata kwenye foleni amekuja kuchapisha kadi za kipaimara.

Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa siri alizoambiwa na mteja kwa ajili ya kazi, na inawabana vilevile wakalimani, makarani na watumishi wa wakili. Waliotunga kifungu hicho walikuwa na picha ya ofisi yenye kuta nne na watu wanaohesabika. Kijana wa steshenari si mtumishi wa wakili. Shemeji anayeazima kompyuta ya nyumbani usiku si mtumishi wa wakili. Kampuni inayotunza barua pepe zetu kwenye mitambo iliyo nchi nyingine si mtumishi wa wakili. Siri ya mteja inapita mikononi mwa hao wote, na mwenye kubeba lawama ni mmoja. Juu ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imetuingiza na sisi. Ofisi ya uwakili inakusanya taarifa binafsi tangu mteja anapokaa kitini, na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake. Tunawaandalia wateja wetu sera za faragha kwa ada nzuri. Je, ya ofisi yako iko wapi?

Mwenye kudhani ni mambo ya kutishana akumbuke kilichoipata kampuni ya uwakili ya Mossack Fonseca ya Panama. Mwaka 2016 waandishi wa habari walitangaza yaliyomo katika nyaraka zake zipatazo milioni 11.5 zilizovuja, na mwaka 2018 ikatangaza kufunga milango. Waandishi walikuta humo mambo yaliyostahili kuanikwa, hilo silibishi. Ninachowaonyesha ni wepesi wake: siri za karibu miaka arobaini zilitoka, na hakuna aliyebeba hata faili moja la karatasi.

Nije kwenye kiapo, ambacho naona ndicho kilichojeruhiwa zaidi.

Mteja wako yuko Muscat. Amerithi nyumba Tanga, ndugu wamemgeuka, unahitaji hati yake ya kiapo kuunga mkono maombi ya zuio. Unaiandika, unamtumia kwa WhatsApp, anaichapisha, anasaini, anaipiga picha, anairudisha. Unampelekea rafiki yako kamishna wa viapo ghorofa ya chini, anagonga muhuri na kuandika kwamba imeapwa Dar es Salaam, mbele yake, tarehe hiyo. Nani kati yenu hajaiona hati ya namna hii? Sheria ya Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna ataje jina lake na aseme kwa ukweli kiapo kiliapwa wapi na lini. Viapo vingi vimekataliwa kwa kasoro katika maelezo hayo ya kamishna mwishoni mwa hati, na maombi yaliyovitegemea yakaanguka navyo. Ni kweli kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2018 mahakama zimetakiwa zisifungwe mno na ufundi wa kisheria. Lakini kusahau kuandika mji ni kasoro ya ufundi, na kuandika mji ambao mwapaji hajakanyaga kwa miaka mitatu ni uongo juu ya kiapo. Pasipoti yake itaonyesha, na wakili wa upande wa pili akiwa hodari ataiomba.

Njia halali ipo: ubalozi wetu Muscat, au mthibitishaji wa umma wa huko. Inachukua siku na inagharimu riali kadhaa. Mteja atanung'unika kwamba kila kitu siku hizi ni mtandaoni, benki yake anaifungua kwa kidole, kwa nini wakili amsumbue. Mjibuni. Benki inalinda fedha zake kwa mitambo ya gharama kubwa. Kiapo bado kinalindwa na mtu mmoja aliyekaa akamtazama mwingine usoni. Kama tunataka kiapo cha kuonana kwa video, twende tukaiombe sheria hiyo iandikwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono. Hadi hapo, muhuri wa ghorofa ya chini usigongwe juu ya kiapo cha mtu asiyekuwapo.

Kuhusu mahakama mtandao sitasema mengi, maana faida yake haina ubishi. Wakili wa Bukoba au Sumbawanga aliyekuwa akipanda basi siku nzima kwenda kuhudhuria shauri linalotajwa kwa dakika nne, sasa anahudhuria akiwa ofisini kwake, na mteja wake halipii tena nauli na gesti. Wakili wa mkoani amepata nafasi ya kushindania kazi ambazo zamani zilikuwa za mawakili wa Dar es Salaam peke yao. Wasiwasi wangu ni kwa shahidi. Shahidi aliye mbele ya kamera, hujui nani amekaa upande wa pili wa meza, wala karatasi gani imebandikwa nyuma ya kioo. Kwa kutajwa na kwa hoja za sheria, mtandao unatosha. Kwa kumhoji shahidi ambaye ukweli wake ndio unaobishaniwa, mimi bado nataka aje kizimbani.

Mmeniuliza pia kuhusu akili mnemba. Mahakama yetu yenyewe imeanza kuitumia kunukuu na kutafsiri yanayosemwa mahakamani, na majaji waliochoka kuandika kwa mkono wana kila sababu ya kufurahi. Kwa mawakili, hadithi inayofaa ni ya New York, shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Mawakili waliwasilisha hoja zenye maamuzi yaliyotungwa na ChatGPT, mashauri ambayo hayakuwahi kuwapo. Walipotiliwa shaka, ilibainika kwamba wakili mmoja alikuwa ameiuliza mashine ileile kama mashauri hayo ni ya kweli, nayo ikamjibu ndiyo. Juni 2023 Jaji Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000, na akawaagiza wawaandikie barua majaji waliosingiziwa kuandika hukumu hizo.

Kwetu hakuna kisingizio. Hukumu zetu ziko kwenye tovuti ya TanzLII, bure, na kuitafuta hukumu kwa jina lake ni kazi ya dakika mbili. Mashine hizi zimesoma Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, na sheria ya Tanzania kidogo zaidi, ilhali tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ukiiomba rasimu ya hati ya madai kwa Kiswahili itakupa kitu kinachosomeka vizuri, chenye vifungu vya nchi nyingine ndani yake. Itumieni kupanga mawazo, kufupisha nyaraka ndefu, kukagua makosa ya uandishi. Msiipe siri ya mteja, na msiiamini kwa jina la shauri hata moja.

Limebaki jambo la vijana, nalo haliandikiwi kanuni. Wakili mchanga hufundishwa na mambo ambayo hakuna aliyekusudia kumfundisha. Anasikia mkubwa wake akimtuliza mjane kwenye simu. Anaona uso wa bosi pale upande wa pili unapotaja kiasi cha suluhu. Wakirudi mahakamani ndani ya gari anaambiwa kwa nini swali lile la tatu halikuulizwa. Ofisi ikihamia kwenye kundi la WhatsApp, kijana anabaki kupokea maagizo na kurudisha rasimu, na rasimu inarekebishwa bila yeye kujua kwa nini. Baada ya miaka mitano ana leseni na hana uwakili. Wenye ofisi mnaookoa kodi ya pango kwa kuwaacha vijana nyumbani, tengeni siku mbili za wiki mkae nao chumba kimoja, majalada yakiwa mezani. Na mkiwatumia ujumbe saa tatu usiku, jueni kwamba hizo ni saa za kazi na zinastahili malipo.

Nina maombi mawili. Chama cha Mawakili Tanganyika kiandike mwongozo mfupi kwa Kiswahili chepesi, ambao hata karani anaweza kuusoma akaubandika ukutani, kuhusu nywila, steshenari, viapo vya walio mbali na akili mnemba. Na ninyi wenye ofisi, kabla ya Jumatatu badilisheni nywila zenu, ondoeni namba ya simu isiyo yenu kwenye akaunti, na hati itakayowasilishwa wiki ijayo kwa jina lenu, isomeni wenyewe kabla ya kuibonyezea kitufe.